Walker, Tucker na Fuller: Majina Matatu ya Ukoo Yaliyotoka katika Kazi Moja

Majina ya ukoo ya Kiingereza yaliyotokana na kazi humvutia mchunguzi kwa sababu mengi yake hayafichi kitu. Baker alikuwa mwoka mikate, Smith mhunzi, Taylor mshona nguo, Carpenter seremala. Ugumu huanza mtu anapofika kwa Walker. Kiingereza cha darasani kinamwambia kwamba walk ni kutembea, na kwa hiyo huamua, kama walivyoamua Waingereza wengi kabla yake, kwamba mzee wa kwanza wa jina hilo alikuwa mtu wa miguu: tarishi, mchuuzi wa kuzunguka vijijini, au mlinzi wa msitu. Kumbe Walker alikuwa fundi wa nguo, na kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya Tucker na ya Fuller. Mafundi hawa watatu wangeweza kuketi pamoja, wakalinganisha vyombo vyao vya kazi, na wasione tofauti yoyote isipokuwa lafudhi.

Kwamba kazi moja ilizaa majina matatu si ajabu kubwa. Linalohitaji maelezo ni namna kila jina lilivyoshika upande wake wa nchi na kuung'ang'ania kwa zaidi ya miaka 500. Jibu ambalo makala hii inalitetea ni kwamba ramani ya majina haya ni ramani ya lahaja. Inatuonyesha watu wa karne ya 13 na ya 14 walivyosema. Haituambii viwanda vya nguo vilistawi wapi, na wala haituambii nani ni ndugu wa nani.

Kazi yenyewe imetoweka machoni petu, hivyo inafaa ielezwe kwanza. Kitambaa cha sufu kinapokatwa kutoka kwenye mtambo wa mfumaji bado hakifai kuvaliwa. Nyuzi zake zimepishana kwa ulegevu kiasi kwamba mwanga hupenya katikati yake, na kimejaa mafuta: mengine ni ya asili ya manyoya ya kondoo, mengine yalipakwa na wasokotaji ili uzi usikatike. Fundi alikilaza kitambaa hicho ndani ya kihori chenye maji, akaongeza udongo wa aina maalumu unaonyonya mafuta, na mara nyingi mkojo uliokaa siku kadhaa hadi ukachacha, kwa kuwa amonia iliyomo humo hufanya kazi ya sabuni. Kisha akavua viatu, akaingia kihorini na kukanyaga kwa saa nyingi, akikigeuza na kukikunja. Kwa kukanyagwa huko mafuta hutoka, kitambaa hurudi na kupungua urefu na upana, na vinyweleo vya sufu hushikana hadi mipishano ya nyuzi isionekane tena. Kilichoingia kihorini kikiwa chepesi na chenye matundu hutoka kikiwa nguo nzito inayozuia upepo na mvua. Baada ya hapo kilioshwa, kikavutwa juu ya fremu ndefu zenye kulabu ili kikauke bila kujikunja, kikachanwa kwa vichwa vya mmea wenye miiba ili vinyweleo visimame, na mwishowe kikapitishiwa mkasi mkubwa ili uso wake uwe laini. Fundi wa mkasi ndiye aliyeacha jina Sherman, na yule aliyechana kwa miiba, huko Devon, akaacha jina Tozer.

Udongo uliotumika ulichimbwa katika sehemu chache, hasa Nutfield huko Surrey, jirani na mji wa Bath, na karibu na Woburn huko Bedfordshire. Serikali ya Uingereza iliuthamini kiasi cha kupiga marufuku usipelekwe nje, kwa hofu kwamba mafundi wa nchi shindani wangeufaidi. Msomaji wa Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam huenda anao nyumbani bila kujua historia yake, kwani udongo wa jamii hiyohiyo huuzwa katika maduka ya bidhaa za Kihindi kwa jina la multani mitti, na watu huupaka usoni ili kuondoa mafuta ya ngozi.

Kazi hii ni ya kale kuliko Uingereza yenyewe. Warumi walimwita fundi wake fullo, na karakana zake, zikiwa na mabirika ya kukanyagia, zimefukuliwa katika magofu ya Pompeii. Kaisari Vespasian, katika karne ya 1, alitoza kodi ya mkojo uliokusanywa katika vyoo vya umma mjini Roma, jambo ambalo lisingekuwa na maana kama mkojo usingekuwa na wanunuzi. Katika Marko 9:3, mavazi ya Yesu yanapometameta mlimani, Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 inasema kwamba hakuna fuller duniani awezaye kuyafanya meupe kiasi hicho. Biblia ya Kiswahili inamtaja dobi, na haikukosea sana, kwa sababu fundi wa Kirumi alipokea pia nguo zilizokwisha kuvaliwa ili azisafishe.

Katika karne ya 12 miguu ilianza kupata msaidizi. Gurudumu la maji lilizungusha mhimili, mhimili ukainua nyundo nzito za mbao, na nyundo zikaangukia kitambaa kwa zamu mchana kutwa bila kuchoka. Orodha ya mali za Watempla, shirika la Kikristo la watawa wapiganaji, nchini Uingereza, iliyoandikwa mwaka 1185, inataja vinu viwili vya namna hiyo, kimoja Barton huko Gloucestershire na kingine Newsham huko Yorkshire, na hivyo ni miongoni mwa vinu vya kwanza vya aina hiyo kutajwa nchini humo. Vinu vilikuwa mali ya mabwana wa ardhi na monasteri, nao walitaka kila mfumaji wa eneo lao alete kitambaa kwao na kulipa ada. Wakazi wa St Albans hawakukubali. Walizoea kukanyaga vitambaa vyao majumbani, na mwaka 1274 waligombana na abati wao, yaani mkuu wa monasteri, juu ya jambo hilo hadi mahakamani, ambako abati alishinda. Kisa hiki kina umuhimu wake katika habari za majina, kwa kuwa vinu vilienea katika kipindi kilekile ambacho majina ya ukoo yalikuwa yakiganda. Wengi kati ya walioitwa Walker, Tucker au Fuller, basi, hawakukanyaga chochote maishani mwao. Walisimamia nyundo, wakafungulia maji na kuyafunga.

Kuganda huko kulitokea polepole. Kabla ya Wanormani, watu wa Normandy huko Ufaransa, kuivamia Uingereza mwaka 1066, mtu wa kawaida alikuwa na jina moja tu, nalo lilitosha kwa sababu hazina ya majina ilikuwa kubwa. Wanormani walileta mtindo wa kubatiza watoto kwa majina machache yaleyale, na baada ya vizazi kadhaa kila kijiji kilijaa kina John, William, Robert na Thomas. Makarani wa mahakama za mabwana, ambao walipaswa kuandika ni John yupi aliyetozwa faini, wakaongeza lakabu: jina la baba, jina la mahali, sifa ya mwili au tabia, au kazi. Katika hati za karne ya 13 lakabu za kazi huandikwa kwa kitangulizi cha Kifaransa, yaani le Walkere, le Tukere, le Fullere. Mwanzoni lakabu ilikufa pamoja na mwenyewe, na mwanawe akapewa nyingine. Kati ya mwaka 1250 na 1400 hivi, mapema zaidi kusini na kwa kuchelewa kaskazini, zikaanza kurithiwa. Orodha za kodi ya kichwa ya mwaka 1379 kutoka Yorkshire zina thamani ya pekee kwa sababu mara nyingi karani aliandika jina la mtu na kazi yake kando. Humo utamkuta mtu ambaye jina lake na kazi yake bado ni kitu kimoja, na mistari michache chini yake mwingine ambaye viwili hivyo vimekwisha kuachana.

Lakabu ya kazi hufaa tu pale inapotofautisha. Katika kijiji ambacho karibu kila mtu alilima, kumwita mmoja wao mkulima hakukusaidia kitu. Ndiyo maana Smith ndilo jina la ukoo lenye watu wengi kuliko yote nchini Uingereza ilhali Farmer ni wachache, na hata hao wachache mara nyingi wametoka kwa mkusanya kodi na si kwa mwenye jembe. Mhunzi alikuwapo kila kijiji, lakini alikuwa mmoja. Fundi wa kukanyaga nguo alitimiza sharti hilo vizuri, kwani kinu kimoja kilihudumia wafumaji wengi, kila mfumaji alimjua fundi wake, na mara nyingi hakuwa na mwenziwe karibu.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wamezoea kukutana na majina ya kazi katika familia zenye asili ya Gujarat na Kutch, kama vile Darji kwa washonaji, Lohar kwa wahunzi na Mistry kwa mafundi wa ujenzi na seremala. Mfanano huo unasaidia, lakini una mpaka wake. Huko Bara Hindi kazi ilifungamana na tabaka la kuzaliwa, na mtoto wa mhunzi alitarajiwa kuwa mhunzi na kuoa kwa wahunzi. Uingereza haikuwa na mfumo huo. Mtoto wa Walker angeweza kuwa mchungaji wa kondoo kesho yake, jina likabaki na kazi ikasahaulika ndani ya kizazi kimoja.

Sasa tufike kwenye maneno yenyewe, maana hapa ndipo fundo lilipo. Walker limetoka katika Kiingereza cha kale, katika kitenzi wealcan, ambacho maana yake ilikuwa kubiringisha au kurusha huku na huku, kama mawimbi yanavyofanya. Kitambaa kinachobiringishwa kihorini kiliingia katika maana hiyo bila taabu, na aliyekibiringisha akaitwa wealcere. Maana ya kutembea ilikuja kutawala baadaye, wakati wa Kiingereza cha kati, na kadiri ilivyotawala ndivyo asili ya jina ilivyozibwa. Wauza pombe kali wa Scotland wameusaidia upotofu huo kwa ufanisi kuliko mtu yeyote: John Walker alifungua duka la vyakula mjini Kilmarnock mwaka 1820, na mwaka 1908 chupa zenye jina la ukoo wake zikachorewa bwana anayepiga hatua ndefu, fimbo mkononi, mchoro ambao leo unatambuliwa katika baa za Nairobi na Kampala kama unavyotambuliwa London.

Tucker limetoka katika kitenzi tucian, ambacho katika Kiingereza cha kale kilimaanisha kutesa na kusumbua, kisha kikalegea na kumaanisha kuvuta kwa nguvu, na mwishowe katika lahaja za kusini-magharibi kikawa jina la kazi ya kukifinyanga kitambaa. Fuller ni mtoto wa fullo wa Kilatini. Neno hilo lilikuwamo katika Kiingereza kabla ya Wanormani, na Kifaransa chao, kilichokuwa na neno la ukoo uleule, kililipa nguvu mpya katika kaunti za kusini na mashariki.

Mgawanyiko wa kijiografia uliotokana na maneno hayo ni wazi kiasi cha kushangaza. Walker ni jina la kaskazini na sehemu kubwa ya katikati ya nchi: Yorkshire, Lancashire, Durham, Derbyshire, Staffordshire, kisha kuvuka mpaka na kuingia nyanda za chini za Scotland. Fuller ni la kusini-mashariki na mashariki: Kent, Sussex, Surrey, Essex, Suffolk, Norfolk. Tucker ni la kusini-magharibi: Devon hasa, pamoja na Cornwall, Somerset na Dorset. Sensa ya mwaka 1881, ambayo watafiti huitumia sana kwa kuwa imenakiliwa yote, inaonyesha mgawanyiko huohuo ungali hai miaka 500 baada ya majina kuganda, na baada ya reli, migodi na viwanda kuwahamisha watu kwa maelfu.

Majina ya mahali yanatoa ushahidi kama huo, na kwangu mimi ushahidi huu una uzito zaidi kwa sababu mahali hapahami. Kinu cha kukanyagia nguo huitwa Tuckingmill huko Cornwall, karibu na Camborne, na jina la namna hiyo hurudiwa Somerset na Devon. Kaskazini kinu hichohicho huitwa Walk Mill, na kuna kijiji chenye jina hilo jirani na Burnley huko Lancashire. Wales ina neno lake, pandy, ambalo limo katika jina la mji wa Tonypandy. Mjini Exeter, katika Devon, chama cha mafundi wa nguo kilijenga jumba lake mwaka 1471, nalo lingali limesimama. Kwa jina rasmi chama hicho ni cha wafumaji, wakata sufu na wale wanaoitwa fullers. Lakini jumba lenyewe watu wa Exeter waliliita, na wanaliita hadi leo, Tuckers Hall. Karani aliandika neno la wasomi, mji ukasema neno lake.

Kisa cha Exeter kinaonyesha pia mtego unaomngoja mtafiti wa hati. Makarani wengi wa enzi za kati waliandika kwa Kilatini, na kwa Kilatini mafundi wote watatu walikuwa fullo. Mtu akisoma orodha ya Kilatini na kuhesabu kina Fuller kaskazini, atapata idadi ambayo haikuwapo midomoni mwa watu. Katika kaunti za mpakani, ambako lahaja zilikutana, hali ni ya vurugu zaidi, na familia moja ingeweza kuandikwa hivi na vile kabla jina moja halijashinda.

Wapo wanaosoma ramani hii kama ramani ya uchumi na kusema kwamba penye kina Fuller wengi palikuwa na vinu vingi. Norfolk inawapinga. Kaunti hiyo ilipata utajiri wake kwa kitambaa cha worsted, kilichofumwa kwa nyuzi ndefu zilizochanwa na kusokotwa kwa kukazwa, ambacho hakikuhitaji kukanyagwa sana kama sufu ya kawaida. Hata hivyo kina Fuller wamejaa Norfolk. Devon na Yorkshire, kwa upande mwingine, zote mbili zilikuwa na vinu tele vya kazi ileile, na zimetoa majina mawili tofauti kabisa. Jina linafuata ulimi. Ambapo kazi ilikuwapo kwa kiasi chochote kile, mtu aliyeifanya aliitwa kwa neno la mahali pake.

Kazi nyingine za nguo ziligawanyika vivyo hivyo, ingawa kwa usafi mdogo zaidi. Mfumaji ni Webber huko Devon na Somerset, Webb katika kaunti za kusini na katikati, Webster kaskazini na Scotland. Mtia rangi ni Dyer kusini na magharibi, Lister huko Yorkshire na mashariki. Kiongozi wa wakulima walioasi Norfolk mwaka 1381, Geoffrey Litster, alikuwa mtia rangi kwa kazi na kwa jina.

Kwa idadi, Walker amewaacha wenzake mbali sana. Ni miongoni mwa majina 20 hivi ya mwanzo nchini Uingereza, ilhali Fuller na Tucker yako chini zaidi. Sababu ya kwanza ni ukubwa wa eneo: neno walker lilisemwa katika karibu nusu ya nchi pamoja na Scotland, wakati tucker lilibanwa katika rasi moja. Sababu ya pili ni ya wakati wa baadaye. Yorkshire, Lancashire na Durham zilikuwa na watu wachache katika enzi za kati, lakini mapinduzi ya viwanda ya karne ya 18 na ya 19 yaliziongezea watu kwa kasi kuliko kaunti za mashambani za kusini, na majina ya kaskazini yakaongezeka pamoja na watu wake. Tena kuna bahati tupu. Mwaka 1874 Francis Galton na Henry William Watson walionyesha kwa hesabu kwamba jina linalopitia kwa wana wa kiume tu hufa kwa urahisi hata pale watu wanapoongezeka, kwa sababu katika kila kizazi wapo wasiopata mtoto wa kiume. Jina lililoanza na waanzilishi wengi huvumilia hasara hizo. Lililoanza na wachache laweza kufutika katika kijiji kizima bila vita wala tauni.

Tena si kila Walker ametoka kihorini. Kando ya mto Tyne, mashariki ya Newcastle, kuna mahali paitwapo Walker, jina lenye maana ya kinamasi kando ya ukuta, yaani Ukuta wa Hadrian, na baadhi ya familia za huko huenda zilichukua jina la mahali. Katika nyanda za juu za Scotland, jina la Kigaeli Mac an Fhucadair, yaani mwana wa mkanyaga nguo, lilitafsiriwa na wenyewe kuwa Walker walipoanza kuandika majina yao kwa Kiingereza. Ujerumani ina Walker wake, wa kazi ileile na wa shina lilelile la neno, na baadhi yao walihamia Marekani wakachanganyika na Waingereza. Huko Ireland, Tucker mara nyingine ni Ó Tuachair aliyevalishwa sura ya Kiingereza. Miongoni mwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki waliohamia Marekani, Tucker mara nyingine ni Toker, fundi wa kukereza mbao au chuma.

Baada ya haya yote, mtu huuliza kama wenye jina moja ni ndugu. Kwa majina ya kazi jibu ni kwamba mara nyingi sivyo, na sababu imekwisha kuonekana: jina lilizaliwa mara mamia, penye kinu hiki na kinu kile, kwa watu wasiojuana. Vinasaba vimethibitisha hoja hiyo kwa namna yake. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya majina 40 ya Uingereza, wakilinganisha kromosomu Y, ambayo hupita kwa baba hadi mwana kama lipitavyo jina lenyewe. Wanaume wenye jina adimu walionekana mara nyingi kuwa wa mzee mmoja. Wanaume walioitwa Smith hawakufanana zaidi ya wanaume waliookotwa ovyo. Hata pale damu inapofuata jina barabara, kazi haifuati. Robert Fuller wa Redenhall huko Norfolk, mwishoni mwa karne ya 16, alikuwa muuza nyama. Wanawe wawili, Edward na Samuel, walipanda meli ya Mayflower, iliyowapeleka walowezi Waingereza Amerika, mwaka 1620. Samuel alikuwa amefanya kazi ya ufumaji uhamishoni Leiden, Uholanzi, kisha akawa tabibu wa koloni la Plymouth.

Meli hiyo inatupeleka kwenye mgawanyiko wa ng'ambo, ambao unafuata bandari. Kina Fuller wa mashariki waliingia New England pamoja na Wapuritani wenzao wa Norfolk, Suffolk na Essex. Kina Tucker wa Devon na Dorset walifuata samaki: meli za uvuvi za Dartmouth na Poole zilikwenda kisiwa cha Newfoundland, Kanada ya leo, kila mwaka, baadhi ya mabaharia wakabaki, na Tucker hadi leo ni jina la kawaida katika kisiwa hicho. Karne ya 19 iliwachukua wengine kuvuka mlango wa Bristol hadi migodi ya makaa ya mawe ya Wales kusini.

Njia nyingine haikuwa ya hiari. Orodha ya wakazi wa Virginia ya mwaka 1625 inawataja, katika nyumba ya Kapteni William Tucker, Waafrika wawili, Anthony na Isabella, na mtoto wao William aliyebatizwa. Karani hakuwaandikia jina la ukoo. Familia moja ya Tucker mjini Hampton, Virginia, yenye makaburi yake ya kale, inahesabu nasaba yake hadi kwa mtoto huyo. Utumwa ulieneza majina ya mabwana kwa mamilioni ya watu ambao wazee wao hawakuwahi kuona kinu cha Devon wala cha Yorkshire: katika sensa za Marekani za karne hii, takriban theluthi moja ya wenye jina Walker wamejitambulisha kuwa Weusi. Ndoa nayo ilifanya kazi yake. Sarah Breedlove, aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 na kutajirika kwa kuuza dawa za nywele, anajulikana kwa jina la mumewe kama Madam C. J. Walker.

Katika eneo la Sherbro nchini Sierra Leone, Tucker ni jina la ukoo wa Kiafrika. Wafanyabiashara Waingereza waliofika pwani hiyo katika karne ya 17 walioa katika familia za wenyeji, na watoto wao wakabaki upande wa mama, wakisema lugha ya mama, wakirithi mamlaka kwa desturi ya mama na jina kwa desturi ya baba. Kufikia karne ya 18 kina Tucker wa Sherbro walikuwa miongoni mwa wenye nguvu katika biashara na siasa za pwani, na ukoo wao ukaendelea kutoa machifu.